Usimamizi wa Taka za Amalgamu na Utunzaji wa Mfumo wa Ufyonzaji katika Kliniki za Meno: Mazingira ya Wilaya za Mbulu na Hanang, Mkoani Manyara

Utangulizi

Amalgamu ya meno ni mchanganyiko wa zebaki na unga wa aloi ya fedha, bati na shaba, pengine na zinki kidogo. Takriban nusu ya uzito wake ni zebaki. Kwa zaidi ya karne moja na nusu imetumika kuzibia meno yaliyotoboka kwa kuwa ni ngumu, bei yake ni nafuu, na huvumilia unyevu wa kinywani kuliko vizibio vingi vingine. Hatari inayojadiliwa hapa haihusu sana jino lililokwisha kuzibwa. Inahusu kile kinachobaki nje ya jino: vipande vya ziada vilivyokwanguliwa wakati wa kulisawazisha jino, kapsuli tupu, meno yaliyong'olewa yakiwa na kizibo ndani, na hasa tope jembamba linalotokea pale kizibo cha zamani kinapotobolewa kwa dreli na kufyonzwa pamoja na mate na maji.

Makala haya yanaeleza njia ambayo taka hizo hupita kutoka kwenye kiti cha mgonjwa hadi mahali zinapoishia, na yanaonesha kwamba utunzaji wa mfumo wa ufyonzaji, ambao kwa kawaida huchukuliwa kuwa kazi ya fundi au ya mhudumu wa usafi, ndio unaoamua kiasi cha zebaki kitakachotoka nje ya kituo. Eneo linalorejelewa ni wilaya za Mbulu na Hanang. Maelezo yanahusu aina ya vituo na mazingira yake. Hayatathmini utendaji wa kituo chochote mahususi.

Eneo na mkondo wa maji yake

Mbulu ipo kwenye uwanda wa juu magharibi mwa ukingo wa Bonde la Ufa. Hanang ipo kusini yake, ikizunguka mlima wenye jina hilo unaofikia mita 3,420 juu ya usawa wa bahari, na makao makuu yake ni Katesh, mji uliopo katika barabara kuu ya Babati hadi Singida. Huduma za hospitali katika eneo hili zina historia ndefu: hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei mwaka 1955 na ambayo sasa ipo chini ya Dayosisi ya Mbulu ya KKKT, huhudumia watu wanaotoka mbali nje ya mipaka ya Mbulu.

Jambo moja la kijiografia ni la msingi kwa mjadala huu, nalo ni nadra kutajwa katika miongozo ya afya ya kinywa. Mito ya eneo hili haiendi baharini. Maji ya nyanda za Mbulu na miteremko ya Hanang huishia katika maziwa na mabwawa yasiyo na mlango wa kutokea: Eyasi kwa upande wa bonde la Yaeda, Manyara kwa upande wa mashariki, Balangida chini ya mlima Hanang. Ndiyo sababu usimamizi wa maji yake upo chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, yenye makao yake Singida, na si chini ya mabonde ya mito inayomwaga baharini. Katika bonde la namna hii maji huondoka kwa kuvukiza. Metali nzito iliyoletwa na maji hubaki katika tope. Zebaki iliyoshikwa na tope lisilo na oksijeni yaweza kugeuzwa na bakteria kuwa zebaki ya methili, ambayo ndiyo iliyowadhuru wakazi wa Minamata, Japani, ugonjwa ulipotambuliwa mwaka 1956. Haisemwi hapa kwamba kliniki za meno za wilaya mbili zinaweza kulinganishwa na kiwanda cha Minamata. Kiasi ni kidogo mno. Linalosemwa ni kwamba bonde lililofungwa halisahau. Gramu iliyoingia mwaka huu itakuwapo pamoja na gramu ya mwaka ujao, na jamii za wafugaji na wakulima wa Kiiraqw na Kidatoga, ambao mifugo yao hunywa katika mabonde hayo, ndio walio karibu nayo.

Kiasi cha zebaki kinachohusika

Kapsuli ndogo ya amalgamu huwa na takriban miligramu 400 za aloi na kiasi cha zebaki kinachokaribiana nacho. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kliniki inayoziba meno kumi kwa wiki, katika wiki 50 za kazi, itakuwa imetumia takriban gramu 200 za zebaki kwa mwaka. Sehemu kubwa ya hizo itakaa vinywani. Inayobaki ni ziada iliyokwanguliwa, na juu yake inaongezeka amalgamu ya zamani inayotolewa ili kuzibwa upya, ambayo haionekani katika hesabu ya manunuzi ya mwaka huo.

Ni haki kuweka takwimu hii mahali pake. Kipimajoto kimoja cha kioo cha homa huwa na takriban gramu moja ya zebaki, na mashine ya safu ya zebaki ya kupimia shinikizo la damu huwa na makumi ya gramu, pengine hata zaidi ya mia. Mashine moja ya namna hiyo ikivunjika wodini yaweza kumwaga zebaki nyingi kuliko taka za amalgamu za miezi kadhaa. Kitaifa, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotumia zebaki nyingi kupita shughuli nyingine zote. Aidha, huduma ya meno katika hospitali za wilaya nchini Tanzania kwa kiasi kikubwa bado ni kung'oa, si kuziba, kwa kuwa wagonjwa wengi hufika wakati maumivu yamekwisha kuzidi. Mtafiti anayeandika kuhusu amalgamu bila kukiri hayo huikuza hoja yake isivyostahili. Hata hivyo, udogo wa kiasi ndio unaofanya tatizo hili litatulike: zebaki ya kliniki ipo katika chumba kimoja, mikononi mwa watu wawili au watatu waliosomea kazi, na hupita katika bomba moja.

Njia ya tope kutoka kwenye kiti

Kiti cha kisasa cha matibabu ya meno kina njia mbili za majimaji. Ya kwanza ni beseni la kutemea. Ya pili ni mpira wa kufyonza, ambao huvuta mate, maji ya dreli na chembe zilizomo. Katika hospitali kubwa mpira huo huunganishwa na pampu kuu iliyopo chumba kingine. Katika vituo vidogo, ambavyo ndivyo vingi wilayani, mara nyingi hakuna pampu: ufyonzaji hufanywa na hewa ya kompresa inayopitishwa kwa kasi katika mrija mwembamba ndani ya kiti, na majimaji yaliyofyonzwa huungana na yale ya beseni kisha kwenda moja kwa moja kwenye bomba la sakafuni na hatimaye katika karo la maji taka.

Tofauti hii ina maana kubwa. Maelekezo mengi yanayotoka Ulaya na Marekani yanachukulia kwamba kuna pampu kuu, tangi la kutenganisha hewa na maji, na chujio kabla ya pampu. Pasipo pampu, vizuizi vinavyobaki ni viwili tu: kichungi kidogo cha plastiki kilichopo kwenye kiti, na kile cha beseni. Vichungi hivyo hunasa vipande vinavyoonekana kwa macho. Chembe laini zitokazo kwenye dreli hupita.

Kwa sababu hiyo kichungi cha kiti ndicho kiungo muhimu kuliko vyote katika kituo kidogo, na ndicho kinachoharibiwa kwa tabia moja iliyozoeleka: kukitoa kikiwa kimejaa, kukigonga juu ya sinki, na kukisuuza kwa maji ya bomba ili kitumike tena. Kitendo hicho hurudisha katika mfereji kila kilichonaswa kwa wiki nzima. Utaratibu unaofaa ni kuuendesha ufyonzaji kwa dakika kadhaa ili kichungi kikauke, kukitoa kwa mkono wenye glavu, na kukitia kizima katika chombo cha taka za amalgamu. Pale ambapo vichungi vya akiba havipatikani, na hili ndilo hali halisi ya manunuzi mengi ya halmashauri, yaliyomo hukung'utwa ndani ya chombo hicho na mabaki kupanguswa kwa karatasi ambayo nayo hubaki humo; sinki haliguswi.

Dalili za mfumo ulioziba hujulikana na kila tabibu wa meno: nguvu ya kuvuta hupungua, harufu hutoka mdomoni mwa mpira, na maji hurudi katika beseni. Ukubwa wa tatizo huongezwa na mwinuko. Katika mita 1,700 juu ya usawa wa bahari mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 80 ya ule wa pwani, kwa hiyo nguvu ya juu kabisa ambayo mfumo wowote unaweza kuvuta nayo hupungua kwa kiasi hicho, na tundu dogo katika mpira ambalo Dar es Salaam lisingetambulika hujionesha mara moja. Mhudumu asiyejua hilo hudhani bomba limeziba, naye hutafuta kitu kikali cha kulizibulia. Hapo ndipo klorini inapoingia.

Mgongano wa klorini

Mafunzo ya kukinga maambukizi nchini yamejengwa, kwa sababu nzuri, juu ya myeyusho wa klorini wa asilimia 0.5. Kila mhudumu ameusoma. Ndoo yake ipo katika kila chumba cha matibabu. Vifaa vilivyotumika hulowekwa humo kwa dakika kumi kabla ya kuoshwa. Ni kawaida basi kwamba mhudumu mwangalifu, mwisho wa siku, aufyonze myeyusho huohuo kupitia mpira ili kusafisha bomba, au amimine uliobaki katika beseni la kutemea. Kwa mtazamo wa vijidudu amefanya vema.

Kwa mtazamo wa zebaki amefanya kinyume. Klorini ya dawa ya kusafishia ni kioksidishaji. Ikikutana na chembe za amalgamu zilizotulia katika mikunjo ya bomba, huioksidisha zebaki iliyo juu ya chembe hizo na kuifanya iyeyuke katika maji. Zebaki iliyokuwa imefungwa ndani ya chembe ngumu, nzito, ambayo ingezama na kukaa, sasa imekuwa sehemu ya maji yenyewe. Hakuna kichungi kitakachoinasa. Hata kitenganishi cha amalgamu cha gharama kubwa, ambacho hufanya kazi kwa kuacha chembe zizame, hakiwezi kuzamisha kilichoyeyuka. Kwa sababu hiyo kanuni ya Marekani ya mwaka 2017 kuhusu maji taka ya kliniki za meno, pamoja na kutaka vitenganishi, ilikataza kusafisha njia za majimaji kwa vioksidishaji kama klorini na kwa dawa yoyote yenye pH iliyo chini ya 6 au juu ya 8.

Huu ndio ugumu wenyewe wa suala hili: kanuni mbili za usalama, kila moja ikiwa sahihi mahali pake, hukutana katika mpira mmoja na kupingana. Haitoshi kumwambia mhudumu asitumie klorini. Ameambiwa na wakaguzi wengine aitumie. Suluhisho linalowezekana ni kutenganisha nyuso na njia. Nyuso zote, yaani kiti, meza, taa, na ukingo wa beseni, ziendelee kufutwa kwa kitambaa kilichoroweshwa klorini. Njia zote za majimaji, yaani mpira, kichungi, tundu la beseni na bomba lake, zisiingiwe na klorini hata tone. Ndoo ya kuloweka vifaa imwagwe katika sinki la chumba cha kusafishia, kamwe si katika kiti.

Njia husafishwa kwa nini, basi? Dawa za vimeng'enya zenye pH ya kati zilizotengenezwa kwa kazi hii ndizo bora, lakini si rahisi kupatikana mbali na miji mikubwa. Katika upungufu huo maji safi yenye sabuni ya maji isiyo kali, kidogo tu ili isitoe povu, hufaa kwa kazi ya kila jioni. Yafaa yafyonzwe kwa kupokezana na hewa, mpira ukiingizwa na kutolewa majini, maana mchanganyiko wa maji na hewa husugua ukuta wa bomba kuliko mkondo wa maji matupu. Lita moja au mbili kwa kila kiti zatosha. Baada ya kila mgonjwa aliyetoka damu nyingi, kikombe cha maji ya baridi kifyonzwe kabla damu haijaganda. Kituo kinachofanya hivyo hakitakuwa na bomba la kuzibua kwa dawa kali.

Mwisho wa taka: moto, udongo, au kabati

Taka zilizonaswa lazima zikae mahali. Katika mfumo wa rangi unaotumika vituoni, jino lililong'olewa au pamba yenye damu huingia katika taka zenye maambukizi, na taka hizo mwisho wake ni kichomea taka. Vichomea vidogo vya matofali aina ya De Montfort, vilivyoenea katika vituo vya afya nchini, hufikia mamia ya nyuzi za sentigredi. Zebaki huchemka katika nyuzi 357. Kwa hiyo kipande chochote cha amalgamu kilichoingia humo hutoa zebaki yake yote kama mvuke, kupitia bomba la moshi lisilo na kichujio, na wa kwanza kuuvuta ni mchoma taka, ambaye kwa kawaida ndiye mfanyakazi mwenye ujira mdogo na kinga haba kuliko wote kituoni. Jino lenye kizibo cha amalgamu halifai kuchomwa. Linapaswa kutenganishwa kitini, mbele ya tabibu, kwa kuwa hatua moja baadaye hakuna atakayelitambua.

Kufukia ndiko kunakofuata katika mawazo ya wengi. Shimo la kituo likiwa na kuta za saruji na kifuniko huonekana kuwa la kudumu. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Mbele ya msiba wa namna hiyo suala la taka ni dogo, lakini tukio hilo lilionesha kwamba katika miteremko ya Hanang ardhi yenyewe huhama, na kilichofukiwa chaweza kufukuliwa kwa usiku mmoja. Shimo haliwezi kuwa jibu la metali isiyooza.

Linabaki kabati. Amalgamu ya ziada huwekwa katika chombo cha plastiki chenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana, kikiwa kikavu, kimeandikwa kilichomo na tarehe ya kuanza kujazwa, mbali na joto na jua. Zamani wanafunzi walifundishwa kuifunika kwa maji au kwa dawa iliyotumika ya kusafishia picha za eksirei. Siku hizi haishauriwi, kwa sababu maji hayo nayo huwa taka hatarishi. Zebaki ikimwagika haifagiliwi, wala haifyonzwi kwa mpira wa kiti, kosa ambalo huugeuza mfumo wote kuwa chanzo cha mvuke. Hukusanywa kwa vipande viwili vya karatasi ngumu na bomba la sindano lisilo na sindano, kisha mahali pakanyunyiziwa unga wa salfa.

Kabati, hata hivyo, ni kituo cha njiani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake huweka taka hatarishi chini ya uangalizi wa NEMC, na usafirishaji wake huhitaji kibali; kemikali yenyewe ipo pia chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa kituo chenye gramu mia tatu za taka kwa mwaka, gharama ya kibali na gari maalumu ni kubwa kuliko thamani ya kila kitu kilichomo kabatini. Njia yenye mantiki ni hospitali moja katika kila wilaya kuwa mahali pa kukusanyia, vituo vidogo vikipeleka vyombo vyao pamoja na safari za kawaida za ugavi baada ya kibali kimoja cha pamoja kupatikana, ili mzigo wa miaka miwili au mitatu uondoke mara moja. Katika mpango huo daftari la makabidhiano ni la lazima, kwa sababu mbili. Fedha iliyomo katika amalgamu huvutia wanaotaka kuichoma jikoni ili kuipata, na zebaki iliyonunuliwa kwa jina la meno imepata kujulikana, katika nchi mbalimbali, kuishia kwa wachimbaji wa dhahabu.

Kitenganishi na muda uliobaki

Kiwango cha kimataifa cha ISO 11143 kinataka kitenganishi kinase angalau asilimia 95 ya uzito wa chembe za amalgamu. Umoja wa Ulaya umevifanya vya lazima tangu mwaka 2019. Afrika Mashariki nayo ilipata kuvijaribu: Tanzania, Kenya na Uganda zilishiriki mradi wa pamoja wa kupunguza matumizi ya amalgamu ulioratibiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani. Kwa vituo vya Mbulu na Hanang, ambako umeme hukatika na viti vingi havina pampu kuu, aina inayofaa ni ya kuzamisha chembe kwa uzito wake tu, isiyo na mota, inayofungwa sakafuni kati ya kiti na mfereji na kupokea maji ya beseni na ya mpira kwa pamoja. Bei ya kuifunga si kikwazo kikubwa kama bei ya kubadilisha tangi lake linapojaa. Kitenganishi kilichojaa na kuachwa hupitisha kila kitu, huku cheti chake kikining'inia ukutani.

Je, yafaa kuwekeza hivyo katika dawa inayoelekea kuondoka? Mkataba wa Minamata ulipitishwa Kumamoto tarehe 10 Oktoba 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkutano wa nchi wanachama wa mwaka 2022 ulizuia zebaki ya wingi isiyo katika kapsuli, na ukataka amalgamu isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa tabibu aone ulazima. Novemba 2025, mjini Geneva, ilikubaliwa kwamba matumizi yake yakome ifikapo mwaka 2034. Mbadala nao si mgeni nchini: tiba ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono na saruji ya ayonoma ya kioo, isiyohitaji dreli wala umeme, ilianza kujaribiwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kabla ya kuenea duniani, na saruji hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021. Kituo cha Mbulu vijijini kinachoanza huduma ya kuziba meno leo hakina sababu ya kuanza na amalgamu.

Lakini kizibo cha amalgamu hudumu miaka kumi na zaidi. Kilichowekwa mwaka 2030 kitakuja kutobolewa mwaka 2042, na tope lake litapita katika mpira uleule, baada ya manunuzi ya amalgamu kufutwa katika vitabu na baada ya kizazi cha matabibu waliofundishwa kuihofia kustaafu. Halmashauri itakayopanga bajeti ya vitenganishi kwa kutazama idadi ya kapsuli zinazonunuliwa itaona sifuri, ilhali bomba la sakafuni bado linapokea zebaki. Kipimo sahihi cha mpango wa wilaya ni idadi ya vizibo vya zamani vinavyotolewa kwa mwaka, na hiyo haipatikani ila rejesta ya kliniki ikiongezewa safu moja: jino lililotibiwa au kung'olewa, lilikuwa na amalgamu au la.